KARATA BILA TURUFU: WALINZI WAWILI WAFANYE NINI?



Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukiisha, baadhi yetu hapa Gisenyi hukaa nyuma ya ofisi ya chama tukacheza karata. Wapo wachumaji wa chai wa upande wa Pfunda, wapo wa kiwanda cha bia, wapo mafundi wa magari. Mezani kwetu hakuna kuweka pesa. Mshahara una kazi yake nyumbani. Mchezo wetu ni briji. Tulifundishwa na mzee mmoja mwenzetu, ambaye zamani alihudumia wageni katika hoteli ya kando ya ziwa Kivu akawa anatazama wanavyocheza, hata akaujua.

Miezi michache iliyopita ndugu wawili waliokuwa wakicheza upande mmoja waliacha kusalimiana kwa sababu ya mgao mmoja wa karata. Mmoja ni mchuma chai, wa pili ni fundi. Waliotazama walimlaumu mchuma chai. Walisema ameanza vibaya, amempa adui zawadi. Yeye akaondoka bila kujibu, na kwa wiki nyingi hakurudi mezani.

Sisi tuliziandika karata zote za mgao ule katika daftari, tukazipanga tena pole pole. Tumeona kosa lilikuwa wapi, wala halikuwa kwa yule aliyelaumiwa. Na kwa kuwa kosa lenyewe hufanywa na watu wengi, hata wenye miaka mingi mezani, tunalieleza hapa ili kila mmoja ajifunze.

MCHEZO WENYEWE KWA UFUPI

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Wenzi hukaa wakitazamana. Karata ni 52, kila mtu hupata 13. Aina ni nne: shupaza, kopa, uru na pau. Kubwa kuliko zote ni ree, kisha mfalme, bibi, ghulamu, kumi, na kuendelea hadi mbili. Wengi wetu hapa huzitaja kwa Kifaransa, lakini katika ukurasa huu tutatumia majina ya Kiswahili ili tuelewane. Majina haya ni ya zamani. Kopa, uru, shupaza, pau, hata neno turufu lenyewe, yaliingia katika lugha yetu kutoka kwa Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498. Kwa hiyo karata za turufu si jambo geni kwetu.

Kila mtu hushusha karata moja. Karata nne zikishuka, huo ni mzunguko mmoja, na mwenye karata kubwa ya aina iliyoanzishwa ameula mzunguko huo. Ukiwa na aina iliyoanzishwa ni lazima uifuate. Aliyekula ndiye anayeanzisha mzunguko unaofuata. Mizunguko yote ni 13.

Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila upande hutaja mizunguko inayoweza kuila, na kama itakuwa kwa turufu au bila turufu. Anayeshinda mnada ndiye mwenye mkataba. Mwenzi wake hulaza karata zake zote mezani, wazi, na hachezi tena. Wafaransa humwita maiti, nasi tunamwita vivyo hivyo. Mwenye mkataba hucheza karata zake na za maiti. Wale wawili waliobaki ni walinzi. Kazi yao ni kuuvunja mkataba.

Mnada wa namna hii, pamoja na hesabu yake, ulitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925. Afrika nayo imo katika mchezo huu. Mwigizaji wa sinema Omar Sharif, aliyefariki mwaka 2015, aliichezea Misri katika mashindano ya dunia ya mwaka 1964.

KWA NINI BILA TURUFU?

Ukicheza kwa turufu, hata karata mbili ndogo ya turufu hula ree ya aina nyingine. Bila turufu, ulinzi huo haupo. Karata kubwa hula, na karata ndogo ya aina ndefu hula pia ikiwa wengine wamekwisha aina hiyo. Kama wewe umebaki na kopa mbili na hakuna mwingine mwenye kopa, hata ree tatu za wengine haziwezi kukuzuia ukiwa wewe ndiye unayeanzisha.

Mkataba unaopendwa na wengi ni wa mizunguko 9 bila turufu. Sababu ni hesabu. Mkataba ukifikia alama 100 una zawadi kubwa. Bila turufu, mzunguko wa kwanza juu ya ile sita ya lazima una alama 40, wa pili 30, wa tatu 30. Jumla 100, kwa mizunguko 9 tu. Kwa turufu ya kopa au shupaza inatakiwa 10. Kwa uru au pau inatakiwa 11. Basi mlinzi atakutana na mkataba huu mara nyingi. Ili auvunje, yeye na mwenzake wanatakiwa kula mizunguko 5.

Hapa pana jambo la kulishika kabla ya mengine yote. Mkataba bila turufu ni mbio. Mwenye mkataba anaikomaza aina yake ndefu, walinzi wanaikomaza yao. Anayekomaza kwanza ndiye anayeshinda. Walinzi wana faida moja: wao ndio wanaoanza. Lakini wana shida moja: hawazioni karata za wenzi wao, wala hawaruhusiwi kuambizana.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

Kwanza, anza na aina yako ndefu. Usianze kwa kula ree zako moja moja ili uonekane una nguvu. Ree zikiondoka, za adui chini yake zinakuwa kubwa. Desturi ni kutoa karata ya nne kutoka juu. Kama una bibi, 10, 8, 6 na 2, unatoa 6. Lakini kama una tatu kubwa zinazofuatana, kama mfalme, bibi na ghulamu, toa iliyo juu.

Pili, tumia hesabu ya kumi na moja. Hesabu hii ilitolewa na R. F. Foster, mwandishi wa vitabu vya karata, mwishoni mwa karne ya 19. Mwenzako akianza na karata ya nne kutoka juu, chukua 11 utoe namba ya karata ile. Jibu ni idadi ya karata zinazoizidi zilizo mikononi mwa wale watatu wengine. Sababu yake ni rahisi. Ukimhesabu ghulamu kuwa 11, bibi 12, mfalme 13 na ree 14, basi juu ya 6 zipo karata 8. Tatu anazo aliyeanza. Zimebaki 5. Na 11 ukitoa 6 ni 5. Wewe unaziona zako na za maiti, kwa hiyo unajua mwenye mkataba anazo ngapi.

Tatu, mwenzako akianzisha aina, wewe uliye wa tatu weka karata yako kubwa, na ukipata nafasi ya kuanzisha, mrudishie aina yake. Usianze safari yako mwenyewe bila sababu. Wawili wakikomaza aina mbili, hakuna hata moja itakayokomaa.

Nne, mwenye aina ndefu atunze mlango wake. Mlango ni karata kubwa ya aina nyingine itakayomwezesha kuingia na kuzila karata zake zilizokomaa. Shamba likiwa na mahindi yaliyokomaa na wewe huna njia ya kufika, mahindi hayo si chakula.

Tano, mwenye aina fupi autumie mlango wake kwanza. Hili ndilo linalosahauliwa, na ndilo lililoleta ugomvi wetu. Tunalieleza kwa mfano hapa chini.

Juu ya hayo, jueni silaha ya mwenye mkataba. Akiwa na ree ya aina yenu, mara nyingi haitoi mapema. Anawaachia mle mzunguko mmoja au miwili mpaka mlinzi mmoja aishiwe na aina ile. Hapo huyo aliyeishiwa, hata akiingia, hana cha kumrudishia mwenzake. Njia kati yenu imekatwa.

MGAO ULE WA UGOMVI

Karata zilikuwa hivi. Mchuma chai alikaa Magharibi, fundi Mashariki. Kusini ndiye mwenye mkataba wa mizunguko 9 bila turufu, na Kaskazini ni maiti.

Kaskazini (maiti): shupaza ree, 8, 3, kopa 7, 4, uru bibi, ghulamu, 10, 8, 5, pau mfalme, 7, 2.

Magharibi (mchuma chai): shupaza ghulamu, 7, 4, 2, kopa bibi, 10, 8, 6, 2, uru mfalme, 3, pau 9, 3.

Mashariki (fundi): shupaza bibi, 10, 6, kopa ghulamu, 9, 3, uru ree, 7, 2, pau bibi, ghulamu, 10, 6.

Kusini (mwenye mkataba): shupaza mfalme, 9, 5, kopa ree, mfalme, 5, uru 9, 6, 4, pau ree, 8, 5, 4.

Hesabuni kwanza mali ya Kusini na maiti wake. Shupaza mizunguko miwili, kopa miwili, pau miwili. Jumla sita. Mitatu inayopungua ni lazima aitafute katika uru. Lakini ree na mfalme wa uru wako kwa walinzi. Basi ni lazima awape walinzi mizunguko miwili ya uru ndipo zake zikomae. Mbio ndizo hizo.

Mchuma chai alianza na kopa 6. Maiti 4, fundi ghulamu, Kusini akala kwa mfalme. Hapo watu wakanong'ona kwamba mchuma chai amempa Kusini mfalme bure. Si kweli. Kusini alikuwa na ree na mfalme, angezila tu siku yoyote. Kinyume chake, kizuizi kimoja kimeondolewa.

Fundi naye alikuwa na habari zote mbele yake. Karata ni 6, kumi na moja utoe sita ni tano. Maiti ana moja inayoizidi, yaani 7. Fundi ana mbili, ghulamu na 9. Basi Kusini alikuwa na mbili. Moja imetoka. Imebaki moja. Kopa ikisukumwa tena, kizuizi cha mwisho kitaondoka.

Mzunguko wa pili Kusini alitoa uru 4. Mchuma chai akaweka 3. Hapo alifanya vema sana, maana kama angeruka na mfalme, angeufunga mlango wake mwenyewe. Maiti akaweka 10. Sasa ni zamu ya fundi, mwenye ree, 7 na 2.

Fundi aliweka 2. Aliiacha 10 ya maiti ile. Alipoulizwa baadaye alisema, "Akiba haiozi. Ree hutunzwa."

Tazameni yaliyofuata. Mzunguko wa tatu, maiti alitoa bibi wa uru. Fundi akaweka 7, Kusini 6, na mchuma chai alikuwa amebaki na mfalme peke yake katika uru. Akalazimika kumtoa, akala. Mlango wake umekwisha kutumika, na kopa zake bado hazijakomaa. Akatoa kopa 2, fundi akaweka 9, na Kusini akaweka 5 kwa makusudi, ree akaificha. Fundi akala, akarudisha kopa 3, yake ya mwisho. Sasa Kusini akala kwa ree. Mchuma chai amebaki na bibi na 10 za kopa, zimekomaa, lakini hana mlango. Kusini akatoa uru 9, fundi akala kwa ile ree aliyoitunza, naye hana kopa hata moja ya kurudisha. Akatoa pau, maiti akala kwa mfalme, akala na uru mbili zilizokomaa, na zilizobaki zikamtosha. Mkataba ukatimia, mizunguko 9 kamili.

Sasa tuurudie mgao tangu mzunguko wa pili. Maiti ameweka uru 10. Fundi anakula papo hapo kwa ree. Anarudisha kopa 9. Kusini afanye nini? Akila kwa ree, mchuma chai anabaki na bibi, 10 na 8, zote zimekomaa. Kusini akisukuma uru tena, mchuma chai anaingia kwa mfalme na kuzila tatu hizo. Mizunguko ya walinzi: ree ya uru, mfalme wa uru, kopa tatu. Jumla tano. Mkataba umevunjika.

Na Kusini akijaribu silaha yake ya kuwaachia, fundi anakula kwa 9, anasukuma kopa 3, ree inatoka. Mchuma chai amebaki na bibi na 10, na mlango wake wa uru uko palepale. Ree ya uru, 9 ya kopa, mfalme wa uru, bibi na 10 za kopa. Ni tano vilevile. Kusini hana njia.

Tofauti yote ni karata moja: ree ya uru, mzunguko wa pili au baadaye.

FUNDI ANGEJUAJE?

Ndugu mmoja aliuliza swali la haki. Fundi hakuyaona mikononi mwa mwenzake. Angejuaje kwamba mchuma chai ana mfalme wa uru?

Jibu ni kwamba hakuhitaji kujua. Alitakiwa kujiuliza hivi: mkataba huu utavunjika kwa njia gani? Njia iliyoonekana ni kopa za mwenzake. Ili kopa zile zifae, ni lazima mwenzake awe na mlango mahali fulani. Kama hana, kopa haziwezi kutuokoa hata tufanye nini. Kama anao, ni lazima usitumike mapema. Basi mlinzi hucheza kana kwamba karata inayohitajika ipo mahali inapohitajika.

Wengine watasema kuwa kuizuia ree ni mchezo mzuri unaojulikana. Ni kweli, lakini una mahali pake. Mlinzi huzuia ree pale maiti ana aina ndefu na hana mlango mwingine, ili aina ile ife mezani. Hapa maiti alikuwa na ree ya shupaza na mfalme wa pau, wamelazwa wazi mbele ya kila mtu. Milango miwili. Kuzuia ree hakukukata njia ya maiti. Kulikata njia ya mwenzi.

Na akiba haiozi, sawa. Lakini fundi aliweka akiba ambayo gharama yake ililipwa na mwenzake.

JUU YA ISHARA

Baada ya ugomvi ule mtu mmoja alipendekeza walinzi wawe na ishara zao, kukohoa au kushika sikio. Jambo hilo tunalikataa. Sheria ya briji inakataza wenzi kuambizana kwa mdomo, kwa macho au kwa mwendo. Karata yenyewe inayoshuka ndiyo inayosema. Tena makubaliano yenu ya karata, kwa mfano kwamba mnaanza na ya nne kutoka juu, si siri. Wapinzani wakiuliza maana yake, waelezwe. Anayeshinda kwa kikohozi hakushinda.

TUMALIZIE

Tuliwapelekea daftari ndugu wale wawili, kila mmoja kwake. Fundi alizipanga karata mara mbili juu ya meza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ree niliikalia mimi." Jumamosi ya umuganda iliyofuata alikwenda mwenyewe kumwita mchuma chai. Wanacheza upande mmoja tena, na wanasalimiana.

Sisi nasi tuliokuwa tukitazama tuna deni. Tulimlaumu mtu kwa karata ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyoonekana, na tulimsifu aliyetunza ree kwa sababu ree inang'aa. Hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu. Tangu siku hiyo tumekubaliana mezani kwetu kwamba hakuna kumlaumu mlinzi mpaka karata zote nne zimelazwa wazi na kuhesabiwa.

Ndugu msomaji, usituamini kwa maneno. Chukua karata 52, zigawe kama tulivyoandika hapo juu, uzicheze mara mbili: mara moja fundi akiweka 2, mara ya pili akila kwa ree. Fanya hivyo pamoja na yule unayecheza naye upande mmoja. Ni nusu saa tu, nayo itawafaa zaidi ya mwaka mzima wa kulaumiana.

Wenu katika kazi.